Bosi aliniahidi nitazeekea hapa, sasa nimepewa barua

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nimekuwa mtunza stoo kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere kwa miaka 14. Bosi alikuwa akisema mbele ya wenzangu kwamba mimi siguswi, nitazeekea pale. Mkataba wa maandishi sikuwahi kupewa. Ijumaa iliyopita nilikabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi kuanzia siku hiyohiyo, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba nimelipwa haki zangu zote. Meneja ananisihi nitulie, biashara ikichangamka nitaitwa. Nifanyeje? – Msomaji, Tabata

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kabla ya yote shika kalenda. Shauri la kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ile ahadi ya kuzeekea kazini imeshavunjika. Ya kuogopa sasa ni hii mpya ya kuitwa, kwa sababu wengi hukaa nyumbani wakisubiri simu hadi muda unawapita. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, na sababu ya kwamba ulikuwa unangoja bosi akuite mara nyingi haikubaliki.

Ahadi ya mdomo haimzuii mwajiri kupunguza wafanyakazi akiwa na sababu ya kweli. Lakini kukosa karatasi hakujakuacha mikono mitupu. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti unalodai unamwangukia yeye. Kwa hiyo andika leo, ungali unakumbuka: alisema nini, lini, nani alikuwepo. Shahidi aliyekwisha kuacha kazi pale atakufaa zaidi, maana aliyebaki anaogopea kibarua chake. Chukua pia taarifa ya michango yako Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Inaonyesha mwajiri na miezi yote aliyokuchangia.

Mwajiri wako anaonekana kuyumba zaidi kwenye utaratibu. Kifungu cha 38 kinamtaka atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze sababu, kisha mshauriane jinsi ya kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua wa kuondoka, muda na malipo. Kukuita Ijumaa na kukupa barua iliyokwisha kupigwa muhuri si mashauriano. Na ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali.

Ile karatasi usiisaini. Barua unaweza kusaini kwamba umeipokea, ukaweka tarehe. Ukisaini kwamba huna madai, au kwamba mmeachana kwa hiari, umempa utetezi wake wote. Kuandika barua ya kuacha kazi mwenyewe ni kubaya zaidi: kunaua shauri, na hata fao la kukosa ajira la NSSF linakuponyoka.

Malipo yahesabu mwenyewe. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini mwisho ni miaka 10. Ile minne ya juu haihesabiwi, na hapo ndipo watu wengi hugombana bure na mhasibu. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 780,000: gawanya kwa siku 26 za kazi za mwezi, unapata 30,000 kwa siku, mara siku 70 ni 2,100,000. Juu yake kuna notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hukuchukua, mshahara wa siku ulizofanya kazi na cheti cha utumishi. Kama uliajiriwa mkoani ukaletwa Dar, kuna nauli ya kukurudisha.

CMA utajaza fomu namba 1, ikiwa na sehemu B ya walioachishwa kazi, usiiache wazi. Nakala mpelekee mwajiri, asaini au agonge muhuri wa kupokea, ndipo uiwasilishe Tume. Mlinzi akikuzuia getini, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti. Usuluhishi hupewa siku 30. Mkishindwa kuelewana, shauri linakwenda kwa mwamuzi.

SWALI: Mkataba wangu wa mwaka mmoja umehuishwa mara nne, na meneja alinihakikishia wa tano upo. Sasa naambiwa umeisha. Nina haki? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Unaweza kuwa nayo. Kifungu cha 36 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinahesabu kutokuhuisha mkataba kuwa ni kuachisha kazi, kama ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kwamba utahuishwa. Kuhuishwa mara nne peke yake kunaweza kusitoshe. Unachohitaji ni kauli ya meneja yenye ushahidi, kama ujumbe wa WhatsApp, ratiba ya kazi ya mwaka unaofuata yenye jina lako, au likizo iliyopitishwa kwa tarehe za baada ya mkataba kuisha. Siku 30 zinakuhusu na wewe.