Diwani, mwenyekiti wa mtaa, mtendaji: nani umuulize nini

Ndugu uliyeuliza diwani wenu ana kazi gani ikiwa mtaro umeziba tangu masika na simu hapokei: niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mtaa huku Ubungo, ngoja nikueleze nilivyoyaona kwa ndani.

Kwanza tenganisha waliochaguliwa na walioajiriwa. Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake walipigiwa kura Novemba 27, 2024. Diwani anachaguliwa siku moja na mbunge na Rais. Mtendaji wa mtaa na wa kata ni waajiriwa. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, naye ndiye afisa masuuli: fedha za halmashauri anazijibu yeye, si diwani wala meya. Balozi wa nyumba kumi, ambaye wengi bado wanamkimbilia, ni kiongozi wa chama tu.

Sasa diwani ana nini? Ana vikao. Anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, wanamokaa wenyeviti wa mitaa yote ya kata, na mtendaji wa kata ndiye katibu. Kisha anaingia baraza la madiwani. Baraza ndilo linalopitisha bajeti na sheria ndogo, linamchagua meya kutoka miongoni mwao, na lina haki ya kumbana mkurugenzi kwa maswali. Nimemwona diwani hodari wa misiba na harusi, hakosi hata moja, lakini barazani hafungui mdomo. Watu walimpenda kweli, na zahanati yetu ikabaki boma. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu misibani tuna ndugu na majirani, barazani tuna yeye peke yake.

Kuhusu mtaro wenu: barabara za mitaa, pamoja na mitaro yake, ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, kwa hiyo diwani hawezi kuagiza greda kesho asubuhi. Anachoweza ni kulisukuma jambo lenu liingie kwenye mipango, na ili alisukume lazima liwe limeandikwa. Sisi tulipodai kalavati, mkutano wa mtaa ulituma vijana wapite na futi nyumba kwa nyumba, wakapima alama ya maji ilipoishia ukutani. Kuna chumba ilifika juu ya kitanda. Vipimo vikaingia kwenye muhtasari, wakazi wakasaini, mwenyekiti akausoma kwenye kikao cha kata badala ya kusema tu "kwetu kuna mafuriko". Mvua nyingine ilinyesha kabla kalavati halijawekwa, lakini liliwekwa.

Kwa hiyo usihangaike na simu. Nenda mkutano wa mtaa, mwombe mtendaji akuonyeshe mtaro wenu umeandikwa kwenye muhtasari upi. Kama haupo, simama uandikwe hapohapo. Kama upo, muulize mwenyekiti aliupeleka lini kwenye kamati ya kata na akajibiwa nini. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na bajeti inapikwa miezi mingi kabla, hivyo mkilileta Mei mmechelewa. Mikutano ya kawaida ya baraza iko wazi kwa wananchi; nendeni wachache, kaeni mumsikilize diwani wenu anavyoisemea kata.