Kwa mdogo wetu aliyefiwa na bibi na sasa analala Darajani, mjini Unguja

Mdogo wangu, umeandika kuwa bibi yako kafariki, nyumba imetiwa kufuli, una miaka 16 na hujui umwambie nani. Pole sana. Mungu amrehemu bibi. Nimekaa nikujibu kwa sababu hayo yalinikuta mimi mwaka 2017, nikiwa na miaka 15.

Bibi ndiye aliyenilea, kijiji kimoja karibu na Wete, Pemba. Msimu wa karafuu tulikuwa tukikaa jamvini usiku tunachambua, karafuu huku, makonyo (vile vikonyo vyake) kule, na yeye akinisomesha sura fupi huku mikono haisimami. Kanga zake zilinuka karafuu hata miezi ambayo mikarafuu haina kitu. Ile pensheni jamii ya wazee wa miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, ndiyo iliyokuwa ikinunua madaftari yangu ya skuli.

Baada ya hitma, kile kisomo cha kumuombea marehemu, ami zangu, ndugu zake baba, walikaa kikao, nikaambiwa mimi si mrithi. Niliwachukia miaka mingi nikiamini wamebuni. Kumbe katika mirathi ya Kiislamu mjukuu aliyefiwa na baba hapati fungu akiwepo mtoto wa kiume wa marehemu aliye hai. Bibi angeweza kuniusia, ilimradi isizidi thuluthi, au kunipa hiba, yaani zawadi, mwenyewe angali hai. Hakuna aliyemwambia. Nyinyi mnaolea wajukuu mayatima na mnasoma hapa, nakuombeni sana lishughulikieni hili mapema. Lakini kutorithi ni jambo moja, na mtoto kutolewa nje ni jengine. Hilo la pili hakuna sheria iliyowaruhusu.

Nikapanda meli Mkoani kuja Unguja na mfuko mmoja. Mchana nilibeba ndoo za samaki Malindi, hapa hapa mjini, nikilipwa chochote mtu alichojisikia. Usiku, msikiti ukishafungwa baada ya Isha, nilitafuta baraza. Baraza ya mawe saa tisa za usiku ni baridi mpaka kwenye mifupa. Nilijifunika kanga ya bibi. Wiki za mwanzo ilikuwa bado inamnukia yeye, halafu siku moja nikaivuta usoni nikakuta inanuka samaki tu. Siku ya maziko sikulia kama nilivyolia usiku ule.

Kulikuwa na mama mmoja akiuza uji. Kila asubuhi ananiuliza, "Wa nani wewe?" Nami kila asubuhi namdanganya: mama yuko Fuoni, baba yuko safari. Nilimdanganya kiasi cha miezi miwili. Niliona aibu, na niliogopa kurudishwa kwa ami. Siku niliyoshikwa na homa nikamtajia bibi kwa jina lake na kijiji chake. Hakuwa akimjua, lakini alinishika mkono mchana ule ule mpaka kwa sheha wake, yule kiongozi wa serikali wa mtaa. Sheha akaandika barua, tukapelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii. Ofisi ya kwanza tulizungushwa, njoo kesho, njoo Jumatatu. Yule mama hakuchoka. Mwishowe nikakaa kwake kwa idhini yao, nikarudi skuli, na leo ni fundi seremala.

Kwa hiyo usikae miezi miwili kama mimi. Nenda kwa sheha wa hapo ulipo, na ukiona vigumu kwenda peke yako muombe mtu mzima akufuate, mwanamke muuza chakula au imamu. Pia piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, haitozwi hata senti. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, inakuhesabu mtoto mpaka utimize miaka 18, basi usione unaomba sadaka. Ukiwa na njia ya kufika nyumbani na mtu mzima, chukua cheti chako cha kuzaliwa kabla vitu havijatupwa. Mimi changu kilipotea, na nilipotaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi nilihangaika sana.

Na mtu yeyote anayekuja usiku na maneno matamu, njoo kwangu ulale, nitakupa hela, usimfuate, hata akiwa na kanzu safi. Wanaotaka kukusaidia kweli watakusaidia mchana mbele za watu. Wale wanaokula unga, hizi dawa za kulevya, pia kaa nao mbali, ingawa wengine ni wapole na watakugaia chakula chao.

Kesho asubuhi kabla hujaenda kubeba mizigo, anza na sheha. Akikuuliza wa nani wewe, mtaje bibi yako. Halafu rudi hapa utuambie alikujibu nini. Akikuzungusha, sema ni shehia gani, nitafuatana nawe mwenyewe.