Kwa Nini Mbao za Gogo Moja Hutofautiana Tabia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni seremala wa Chang'ombe, Dodoma. Mbao za msonobari ninazoletewa kutoka Mufindi hufika zikiwa zimenyooka, lakini zikikaa karakanani kiangazi kimoja baadhi hupinda, ilhali nyingine za gogo lilelile hazibadiliki. Wenzangu husema ni jua. Je, ni jua tu?

JIBU: Ndugu fundi, ukavu wa Dodoma una sehemu yake, kwani mbao huanza kusinyaa unyevu wake unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, lakini ukavu peke yake hauelezi kwa nini mbao mbili zilizokaa chini ya paa moja zitofautiane. Sababu imo ndani ya kuta za seli.

Seli za msonobari ni mirija myembamba yenye urefu wa milimita chache, nayo imelala kufuata shina. Ukuta wa kila seli umejengwa kwa nyuzi za selulosi zisizoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, zikiwa zimegandamanishwa kwa hemiselulosi na lignini, vitu vinavyofanya kazi kama gundi. Kati ya matabaka ya ukuta huo, lile ambalo wanasayansi huliita S2 ndilo nene kuliko yote, na ndani yake nyuzi huizunguka seli kama uzi uliozungushwa kwenye kijiti. Mambo mengi hutegemea mzunguko huo umesimama au umelala kiasi gani.

Katika sehemu ya mti iliyokomaa, nyuzi husimama karibu wima, mara nyingi kwa pembe isiyofika digrii 20 kutoka mwelekeo wa urefu wa seli, kwa hiyo selulosi yenyewe hubeba mzigo na mbao huwa kakamavu. Karibu na kiini, yaani sehemu iliyoota mti ukiwa mchanga, pembe huweza kuzidi digrii 30, na mbao hulegea. Mti una haja ya ulegevu huo, kwa sababu shina jembamba lisiloinama na upepo huvunjika.

Sasa tazama maji. Hukaa baina ya nyuzi, si ndani yake, hivyo yakikauka nyuzi husogeleana, zisifupike. Nyuzi zikiwa wima, mbao hupungua upana, na urefu wake haupungui hata kwa asilimia moja. Zikiwa zimelala, urefu nao hupungua kwa kiasi kinachoonekana. Mbao yenye ukingo mmoja wa kiini na mwingine uliokomaa hufupika zaidi upande mmoja, na hapo haina budi kupinda.

Jihadhari pia na mbao za miti iliyoota kwa kuinama mlimani. Upande wa chini wa shina la msonobari wa namna hiyo hujenga seli zenye lignini nyingi na pembe inayokaribia digrii 45. Mbao yake huwa nzito na yenye wekundu, na wanunuzi wengi huidhania kuwa imara kwa uzito huo, lakini husinyaa sana kwa urefu na huweza kukatika ghafla. Kwa kenchi, mimi nisingeipokea kabisa.

Kabla ya kulipa, kagua ncha ya kila mbao. Ukiona kiini, au pete pana zilizopinda sana kukizunguka, itenge kwa kazi za vipande vifupi.