Kiwiko kimeumia, wewe anza na vidole

Wiki yako ya kwanza kwenye zamu ya majeruhi utasikia sentensi hii kila jioni: "Dokta, mtoto kateguka mkono." Usiiandike hivyo kwenye faili. Mtaani kuteguka ni kila kitu: msuli uliovutika, mfupa uliovunjika, kiungo kilichotoka mahali pake, hata mkono unaouma tu. Na akikwambia ni kiwiko, bado usikimbilie fomu ya eksirei. Kwa wazee wengi wa Pwani kiwiko ni pale saa inapovaliwa, na hapa wewe unapopaita kiwiko wao wanapaita kisugudi. Niliwahi kuagiza picha ya kiwiko, ikatoka safi kabisa, ya bibi aliyevunjika kifundo cha mkono. Nilisikiliza, sikuangalia. Mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja.

Nina miaka 13 katika utabibu, karibu yote kwenye hospitali za wilaya, na haya ninayaandika kwa ajili yako uliyeripoti juzi na bado unabeba daftari mfukoni. Kiwiko kitakuja mapema. Maembe yakianza kuiva, shule zikafungwa, watoto wa miaka mitano hadi saba wataletwa mmoja baada ya mwingine: kapanda mwembe, tawi limekatika, kajikinga kwa mkono ulionyooka. Uzito wote unapita kwenye kiwiko, na mfupa wa mkono wa juu, humerasi, unakatika juu kidogo ya kiungo. Unakatikia pale kwa sababu pale umebapa, una shimo mbele na shimo nyuma, na ukuta kati ya mashimo hayo ni mwembamba mno. Ukishika humerasi kavu darasani, iinue dhidi ya dirisha. Mifupa mingine utaona mwanga unapenya.

Shida yenyewe si mfupa. Mfupa wa mtoto wa miaka sita unaunga vizuri na haraka. Shida ni kwamba mbele ya pale palipokatika inapita ateri kubwa ya mkono pamoja na neva, na kipande cha juu kikisukumwa mbele kina ncha kama kigae. Ndiyo maana nasema mtoto akifika, kabla hujagusa kiwiko, kabla ya picha, nenda kwenye vidole.

Linganisha mikono yote miwili. Rangi, joto, mapigo pale kwenye kifundo upande wa gumba. Bonyeza ukucha uachie, wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Halafu fanya mchezo, maana mtoto mwenye maumivu hatajibu maswali ya darasani. Mwambie "nipe dole," anyooshe gumba juu kama wanavyofanya wakifurahia bao: hiyo ni neva ya redio, mfupa wa kigasha (kati ya kiwiko na kifundo) ulio upande wa gumba. Mwambie atanue vidole kama feni: neva ya ulna, mfupa wa upande wa kidole cha mwisho. Afunge ngumi: neva ya kati. Mwisho atengeneze duara kwa ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada. Duara likiwa la mviringo, sawa. Ncha zikigoma kukunja, vidole vikabanana kama mdomo wa bata, basi tawi la mbele la neva ya kati limeguswa, na katika mvunjiko huu hilo ndilo linaloumia mara nyingi zaidi. Halina hisia ya ngozi, kwa hiyo ukipima kwa kuchomachoma na pamba tu, litakupita.

Andika ulichoona, na uandike saa.

Naisisitiza saa kwa sababu ya mtoto mmoja wa mwaka wangu wa kwanza. Aliletwa kama saa kumi na moja jioni, kiwiko kimevimba kama andazi. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na sifa ya kutaka kuonekana najua. Niliuvuta mkono chini ya ketamini, dawa ya usingizi, picha ikaonekana nzuri, nikafunga hogo, yaani plasta nzima ya kuzunguka, kiwiko nimekikunja sana ili mfupa usirudi ulikotoka. Nikaenda kula. Saa sita usiku nesi wa wodi, mama mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, akatuma mlinzi aje anigongee. Mtoto alikuwa kachomwa sindano ya maumivu mara mbili na bado analia. Yule mama hakunihutubia. Alichukua kidole cha kati cha mtoto kilichochungulia nje ya hogo akakinyoosha taratibu, na mtoto akapiga ukelele hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainuka. Kisha akanipa mkasi wa plasta.

Tulikata hogo juu mpaka chini, na pamba, na bandeji, mpaka tukaiona ngozi. Hilo shika: kupasua plasta ukaacha bandeji imekaza ndani ni sawa na kutopasua. Tukanyoosha kiwiko kidogo kidogo, na vidole vilivyokuwa vya kijivu vikaanza kupata rangi. Asubuhi daktari bingwa akaja, akasoma faili langu lote, akauliza swali moja: "Gumba lake lilikuwa linakunja kabla hujavuta?" Sikuwa na jibu. Gumba lile lilirudi kukunja baada ya kama miezi mitatu, na hadi leo sijui lilizimwa na mwembe au na mimi.

Usiku ule tulikuwa tunakimbia ule ulemavu uliobeba jina la Richard von Volkmann, mpasuaji wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1881: msuli wa kigasha unakosa damu, unakufa, unasinyaa, na vidole vinabaki vimekunjwa kama kucha za mwewe maisha yote. Yeye mwenyewe alinyooshea kidole bandeji zilizokazwa kupita kiasi. Msuli hauna subira, saa sita bila damu ni nyingi mno. Kwa hiyo usingoje mapigo yapotee ndipo ushtuke, hiyo ni dalili ya mwisho. Dalili za mwanzo ni mtoto asiyetulia, anayetaka dawa ya maumivu tena na tena, na kidole kinachouma kupita kiasi ukikinyoosha wewe. Ukiwa na shaka, kata. Mfupa ukihama utavutwa tena kesho.

Tangu hapo kiwiko kilichovimba nakifunga plasta ya upande wa nyuma tu, pamba ya kutosha, bandeji juu bila kukaza. Pembe nyuzi 90 au pungufu, kamwe si kukunja zaidi. Ukikunja mapigo yakapotea, nyoosha mpaka yarudi, ufunge hapohapo. Mkono ukae juu kuliko moyo, na kesho yake arudi uuone, hata kama nauli ni shida. Wakikaa mbali sana mlaze wodini usiku mmoja.

Sasa picha. Hakikisha ile ya ubavu imepigwa ubavu kweli. Nusu ya makosa yangu yalitoka kwenye picha zilizopigwa mshazari kwa kumwonea mtoto huruma. Chora mstari kwenye ukingo wa mbele wa humerasi ushuke chini: unatakiwa ukate katikati ya kile kibonge cha mviringo, kapitela. Ukipita mbele yake, kipande cha chini kimerudi nyuma. Tazama pia nyuma ya mfupa. Ukiona kivuli cheusi cha mafuta kimeinuliwa pale nyuma, kuna damu ndani ya kiungo, na kwa mtoto chukulia pamevunjika hata kama mstari huuoni.

Mvunjiko huu wa juu ya kiwiko tunaupima kwa madaraja ya mpasuaji Gartland, ya tangu 1959. Daraja la kwanza mfupa haujahama: plasta wiki tatu, basi. La pili umepinda lakini ukuta wa nyuma bado unashika. La tatu vipande vimeachana. La tatu, na la pili lililopinda sana, si lako peke yako: mtoto apewe nusu kaputi, mfupa urudishwe bila kupasua, upigwe waya mbili au tatu kupitia kwenye ngozi chini ya mashine ya picha za papo hapo, waya zitoke baada ya wiki tatu au nne. Penye mashine hiyo na mkono wa kuitumia, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili au hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ni kazi fupi. Pasipokuwepo, kuna mabingwa wanaouvuta mkono kwa uzito kitandani, ni polepole lakini unasaidia. Ukitoa rufaa, funga mkono kiwiko kikiwa kimenyooka kiasi, nyuzi 20 hadi 40 za kukunja, hata kwa kipande cha boksi na pamba. Kiganja kikiwa cheupe na baridi, hiyo si rufaa ya kesho asubuhi. Nyoosha mkono taratibu uone kama damu inarudi, na gari iondoke usiku huohuo. Kiganja chekundu na cha joto lakini bila mapigo kinakupa pumzi kidogo, ila hakikupi ruhusa ya kulala.

Kuna mvunjiko mwingine unaodharauliwa kuliko yote: ule wa upande wa nje wa kiwiko, kipande chembamba kama ganda la ukwaju kwenye picha. Mtoto halii sana, uvimbe ni wa upande mmoja, unaona "kidogo tu" unafunga plasta. Kipande kile kimebeba nusu ya uso wa kiungo na kinavutwa na misuli ya kigasha. Kikiwa kimeachana zaidi ya milimita mbili kinahitaji mpasuaji. Kikiwa chini ya hapo, piga picha nyingine baada ya wiki, maana huteleza ndani ya plasta. Kikiachwa kisiunge, mkono unakwenda nje mwaka hadi mwaka, na akiwa mtu mzima vidole viwili vya mwisho vinaanza kufa ganzi.

Vituo vya mfupa kwenye kiwiko cha mtoto, yaani sehemu za gegedu zinazoanza kugeuka mfupa na kuonekana kwenye picha, vitakuchanganya, hilo usilionee aibu. Vinajitokeza takriban kwa miaka 1, 3, 5, 7, 9 na 11: kapitela, kichwa cha redio, nundu ya ndani, troklea, nyuma ya kiwiko, nundu ya nje. Kikiwepo cha 7 na hakipo cha 5, kitafute: nundu ya ndani imeng'oka na huenda imebanwa ndani ya kiungo. Ulna ikivunjika, usiandike ripoti kabla hujafuata mstari wa redio mpaka kwenye kapitela katika kila picha. Ulna kuvunjika na kichwa cha redio kutoka mahali pake ni jeraha ambalo mpasuaji Giovanni Battista Monteggia wa Milan alilieleza mwaka 1814, eksirei bado haijazaliwa. Sisi tuna picha mkononi na bado linatupita.

Kuteguka kwa kweli, yaani kiungo kutoka, utakuona zaidi kwa vijana: mpira, bodaboda. Kigasha huonekana kifupi na nyuma ya kiwiko hutokeza. Shika nundu mbili za pembeni na ncha ya nyuma, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Zikiwa pembetatu ya kawaida, fikiria mfupa umevunjika juu yake. Pembetatu ikivurugika, kiungo kimetoka. Pima vidole kwanza, dawa ya maumivu na ya usingizi itoshe, msaidizi ashike mkono wa juu. Wewe rekebisha upande kwa upande, vuta kigasha, kisha kunja polepole huku gumba lako likisukuma ncha ya nyuma kwenda mbele. Utakisikia kinaingia kwa kishindo kidogo. Kikigoma mara mbili acha, usipigane nacho. Pima vidole tena, piga picha tena, na utafute kama kichwa cha redio au ncha ya mbele ya ulna imevunjika pamoja nacho, maana huyo hatatulia kwa plasta. Asiye na mvunjiko, plasta wiki moja, zikizidi mbili, halafu aanze kukunja na kunyoosha mwenyewe. Kiwiko cha mtu mzima kilichofungwa mwezi mzima hukakamaa, na huyo kijana atakulaumu kila akishindwa kufunga kifungo cha shati.

Mtu mzima aliyeanguka akashindwa kunyoosha kiwiko juu hewani, ncha ya nyuma imekatika, mpeleke kwa mpasuaji.

Kisha kuna wagonjwa watakaokufurahisha. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, hakuanguka. Konda alimnyanyua kwa mkono mmoja kumpandisha daladala, au dada alimvuta wakivuka barabara. Mkono ananing'iniza, hakuna uvimbe. Huyo kichwa cha redio kimechomoka kidogo tu, hahitaji eksirei. Shika kiwiko, gumba lako likae kwenye kichwa cha redio, kwa mkono mwingine geuza kiganja chake kitazame chini, kwa uthabiti. Kitalia "tk". Kisha ondoka, umpe mama pipi aishike upande wa mkono ule mbovu. Robo saa haitaisha kabla hajainyakua. Lakini kama kulikuwa na kuanguka, au umevimba, usigeuze chochote.

Siku ya kutoa plasta zungumza na bibi, si mama. Bibi ndiye mwenye mafuta ya nazi jikoni. Kukanda kiwiko kilichotoka kuumia, kukivuta kwa nguvu ili kinyooke, kunaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli, na hapo kiwiko kinafunga kabisa. Usiwatukane waunga mifupa, utampoteza mgonjwa na hatarudi. Mwambie bibi kwamba mkono huu unanyooshwa na mwenyewe tu. Mimi humpa mtoto kikombe chenye maji kidogo, namwambia anywe kwa mkono ule pale pale mbele yetu. Kwa kawaida siku ya kwanza hakifiki mdomoni, anainamisha kichwa akifuate. Bibi anaona, anacheka, na ndipo ninamwambia arudi naye baada ya wiki mbili tupime tena kwa kikombe kilekile.