Ukimtafuta mwenzako wa jeshi, anzia kwa chifu wa kwao

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, sajini mstaafu, ameniandikia kwamba ana miezi minne akimtafuta mwenzake wa platuni kwenye Facebook bila mafanikio. Walikuwa pamoja Sierra Leone mwaka 2000, chini ya Umoja wa Mataifa. Alichobaki nacho ni jina Mutua na lile jina la utani la kambini. Afande, kwa hayo mawili utatafuta mpaka uzeeke. Akina Mutua wamejaa Ukambani kote, na jina la utani huenda mwenyewe alilirudisha stoo pamoja na sare.

Jeshi letu la Kenya huandikisha makuruti mashinani, uwanjani, karibu na kwao. Kwa hiyo jiulize kwanza aliandikishwa wapi. Na hapa ndipo wengi wanapopotea: wilaya za enzi zenu si kaunti za leo. Aliyejiita mtu wa Machakos mwaka 1988 huenda kwao ni Makueni, maana Makueni ilimegwa mwaka 1992. Wa Kericho wa zamani anaweza kuwa Bomet. Unapiga simu kaunti isiyo yake, unaambiwa hajulikani, basi unahesabu kwamba amekufa.

Kama hukumbuki wilaya, tafuta yeyote wa skwodi yenu aliyeandikishwa naye siku moja. Huyo atakumbuka soko la kwao, shule ya msingi au kanisa. Mambo mawili kati ya hayo yanamtosha naibu wa chifu, kwa sababu yeye na wazee wa vijiji wanajua ni boma gani lina mtu aliyestaafu jeshi. Waulize pia wanachama wa chama cha wastaafu, DEFOCA, walio karibu nawe. Lango la kambi liache. Askari wa zamu hawezi kukupa makazi ya mtu, na anafanya vyema.

Kabla hujampigia chifu, andika kwenye karatasi majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la baba ukilijua, mwaka wa kuingia, batalioni, na soko la kwao. Kisha usiombe nambari yake. Omba yako ipelekwe kwake. Wastaafu wamechoshwa na matapeli wanaosema malipo ya uzeeni yamekwama na yanahitaji ada kidogo, kwa hiyo mgeni anayeulizia mstaafu hutiliwa shaka tangu salamu. Ukiiacha yako, uamuzi unabaki mikononi mwake.

Ukiwa na nambari yake ya zamani, usiiamini. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine. Fungua programu ya M-Pesa, anza kama unayetuma shilingi kumi. Jina la mwenye laini hujitokeza kabla hujathibitisha. Likiwa si lake, ghairi.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: "Salamu afande. Ni fulani wa platuni ya pili, Sierra Leone, mwaka 2000. Tulilala hema moja. Sina shida ya pesa, nataka kukujulia hali tu." Hiyo sentensi ya pesa usione haya kuiandika. Bila hiyo, hapigi. Baada ya hapo subiri wiki mbili. Jumbe tatu kwa siku moja humfanya mtu azime simu.

Mkianza kuongea, mwite afande hata kama ulimwacha koplo, na cheo alichostaafu nacho akitaje mwenyewe. Na kama mlikuwa Jeshi la Wanahewa kabla ya Agosti 1, 1982, tafadhali usianze na siku hiyo. Baada ya jaribio la mapinduzi jeshi lile lilivunjwa, wengi wakafungwa, wengi wakafutwa, wakiwemo waliosema hawakujua lolote. Wapo wasiowahi kuwaambia hata watoto wao kwamba walivaa ile sare. Vivyo hivyo kwa waliovuka mpaka kwenda Somalia kuanzia Oktoba 2011. Anza na chakula cha mesi, na yule mpishi aliyeunguza maharagwe. Yale mengine atayaleta au hatayaleta, ni yake.

Mkikubaliana kuonana mjini Nairobi, mwambie pale Archives, jumba la kumbukumbu za taifa, kwenye sanamu ya Tom Mboya, maana hata aliyekaa shambani miaka ishirini atapaona. Msikae hapo. Makondakta wanapiga kelele, na mlango wa matatu ukibamizwa, kuna wenzetu ambao bado wanaruka. Tafuta mkahawa mtulivu, saa tano hivi kabla ya watu wa chakula cha mchana, na mwachie kiti kinachotazama mlango. Nauli ya kwenda na kurudi mtumie jioni ya kuamkia siku hiyo. Usimuulize kama anayo.

Kuna simu zitakazopokewa na mama watoto, na kabla hajasema utakuwa umeelewa. Mpe pole, uliza kaburi liko wapi, usiulize aliugua nini. Uliza pia kama picha za kambini zipo. Aghalabu zipo, kwenye bahasha, na nyuma hazina jina hata moja. Watoto hawamjui mtu pale isipokuwa baba yao. Siku ukienda beba penseli laini, si kalamu, kwa sababu wino hupenya ukachafua sura. Andika majina kwa wepesi, pembeni, kutoka kushoto kwenda kulia.