Uchungu hauumi mfululizo

Dada, umeambiwa uchungu wa kujifungua huchukua muda wa saa 12, na unaogopa kuwa utaumia muda wote huo. Hapana, hizo saa 12 si za maumivu yasiyokatika. Uchungu huja kama wimbi: unapanda, unakaza kwa sekunde 45 hadi 60, kisha unaachia, na hata ukikolea unapata kama dakika 1 au 2 za kupumua. Woga ndio unaouzidisha, maana adrenalini (homoni ya hofu) ikipanda misuli hukaza na homoni ya uchungu hupungua, leba ikachelewa.

Anza mazoezi sasa hivi. Vuta hewa puani ukihesabu 4, itoe mdomoni polepole ukihesabu 6, mabega na taya ukivilegeza. Wengi huhema harakaharaka, ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole huanza.

Uliza kliniki mapema kama wanaruhusu msindikizaji. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanapendekeza uwe na mtu umtakaye. Mfundishe kukandamiza kwa kiganja pale chini kabisa mgongo unapoishia, kila wimbi linapoanza.

Tafadhali, dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu usiziguse. Zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa.