Usimzike Mtangazaji Akiwa Hai

Siku ya tatu baada ya kubadilisha ratiba ya vipindi, mama mmoja muuza maandazi aliingia mapokezi ya redio yetu, akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya shilingi elfu tano na kuiweka juu ya daftari la wageni.

"Rambirambi yangu hiyo," akasema. "Nisameheni, mimi nilikuwa sina habari. Kazikwa lini?"

Aliyekuwa anauliziwa ni dada wa kipindi cha saa tatu asubuhi. Dada mwenyewe wakati ule alikuwa chumba cha pili anakula chipsi. Sikumfukuza. Nilimhamishia saa nane mchana, na saa tatu yake nikampa kijana mpya mwenye sauti nzito na maneno mengi. Tulibadilisha Jumatatu, bila promo (tangazo fupi la kipindi) wala kuaga. Hesabu yangu ilikuwa kwamba watu watazoea. Kumbe mtu aliyesikia sauti moja kwa miaka minne akiwa mbele ya karai, siku akiwasha redio na sauti haipo, na hakuna anayesema imekwenda wapi, hawazi habari ya ratiba. Anawaza msiba.

Jina la redio tuliache. Mkuu wa vipindi nilikuwa mimi na kosa lilikuwa langu. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba nilishawahi kukaa upande wa yule mama, kama msikilizaji, na bado sikujifunza.

Mwaka 2004 nilikuwa New York, naegesha magari ya watu kwenye jengo moja la maegesho, Manhattan, zamu ya alfajiri. Ndani ya zege masafa ya AM hayaingii, kwa hiyo redio tuliiweka kwenye dirisha la kibanda cha tiketi, antena imefungwa waya wa hanga ya nguo. Redio ilikuwa ya mzee wa Barbados niliyefanya naye kazi, na kwake kulikuwa na stesheni moja tu: WLIB, 1190. Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa redio ya watu weusi wa jiji lile, na watu wa visiwa vya Karibi walijiona nyumbani humo, kwa mazungumzo na kwa muziki.

Tarehe 31 Machi 2004 WLIB ikawa mlango wa mtandao mpya wa vituo vya redio ulioitwa Air America Radio, uliokodi muda wa hewani pale. Shabaha yake ilikuwa wazi. Redio za mazungumzo Marekani zilikuwa zimeshikwa na wahafidhina, na watu wa mrengo wa kushoto, wanaojiita wapenda maendeleo, walitaka chao. Asubuhi kulikuwa na Morning Sedition, saa tatu Unfiltered, saa sita mchana mchekeshaji Al Franken, saa tisa Randi Rhodes, na jioni Janeane Garofalo na Sam Seder. Mimi nilifurahi. Vita ya Iraq ilikuwa mwaka wake wa pili na nilikuwa na hamu ya kusikia mtu akiipinga kwa sauti.

Mzee wangu alinuna. Siyo kwamba alimpenda Rais Bush, hata kidogo. Ila watu wake hawakuwapo hewani. Mmoja tu alibaki, Mark Riley, mtangazaji wa siku nyingi wa WLIB, ambaye aliwekwa kwenye kipindi cha asubuhi. Mzee alimsubiri Riley aongee, na wachekeshaji wakianza alipunguza sauti. Nililiona hilo kila siku kwa macho yangu na sikulitilia maanani. Leo ningekwambia hivi: unapoleta ratiba mpya, bakiza angalau sauti moja ya zamani, na iweke mahali itakaposikika. Wasikilizaji wa zamani watavukia hapo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Saa ya hewani ni ya msikilizaji. Wewe mkuu wa vipindi umeazimwa tu. Mfano mzuri kuliko wote unatoka upande wa pili kabisa, kwa Rush Limbaugh, mtangazaji wa wahafidhina, mtu ambaye sikukubaliana naye karibu kwa lolote. Alianza kusikika nchi nzima Agosti 1988, saa sita mchana mpaka saa tisa kwa saa za New York, na saa hiyo hakuiacha mpaka alipofariki Februari 2021. Zaidi ya miaka 32! Dereva wa lori aliyezaliwa mwaka ule alikua, akaoa, akapata watoto, na saa sita ni ileile. Kuna waliokuwa wakimchukia lakini saa yake wanaijua.

Air America walimweka Al Franken saa hiyohiyo makusudi, uso kwa uso. Kipindi chake kilianza kwa jina la The O'Franken Factor, kijembe kwa Bill O'Reilly wa televisheni ya Fox na kipindi chake The O'Reilly Factor, kisha kabla mwaka haujaisha kikawa The Al Franken Show. Jina lilibadilika na hakuna aliyepotea, kwa sababu saa ilikuwa ileile na sauti ileile. Ukiwa na hamu ya kubadilisha kitu ili bosi aone unafanya kazi, badilisha jina, au jingo, kile kiwimbo kifupi cha kufungulia kipindi.

Ukilazimika kugusa zaidi ya hapo, gusa kimoja. Ama hamisha saa na mtu abaki, ama badilisha mtu na saa ibaki. Mimi nilivigusa vyote viwili Jumatatu moja, ndiyo maana nikaletewa rambirambi.

Mambo ya Unfiltered nayo yana somo, tena la pande mbili. Kipindi kile kiliongozwa na watu watatu: Lizz Winstead, mchekeshaji, Chuck D wa kundi la rap la Public Enemy, na mwanamke ambaye nje ya redio za Massachusetts hakuwa na jina kubwa, Rachel Maddow. Mwanzoni mwa 2005 kikaondolewa, na Aprili saa zile akapewa Jerry Springer. Ndiyo, Springer huyohuyo wa televisheni, wa watu kurushiana viti, ingawa aliwahi kuwa meya wa Cincinnati na siasa alikuwa anazijua vizuri kuliko watu walivyodhani. Jina lake lilijulikana kila pembe. Lakini mtu anayemfahamu Springer wa viti anawasha redio akitegemea viti, na anayetaka siasa hawashi kwa sababu anategemea viti. Mwisho wa 2006 Springer hakuwepo tena.

Maddow alipewa saa moja tu, saa kumi na moja alfajiri. Saa ya waoka mikate na sisi wa maegesho. Mimi ndiyo nilikuwa nafungua geti. Alikuwa anasoma habari kama mtu aliyekesha nazo, bila kelele, anakueleza muswada mpaka unajikuta umesimama na funguo za mtu mkononi. Kutoka alfajiri akapandishwa asubuhi, kisha jioni, na Septemba 2008 akawa na kipindi chake kwenye televisheni ya MSNBC. Kwa hiyo wewe uliyekaa kwenye kiti cha mkuu wa vipindi, ukiwa na mtu mwenye kitu na huna pa kumweka, usimwache aondoke. Mpe hata alfajiri. Na wewe mtangazaji uliyepewa alfajiri, punguza kununa. Kuna mtu anafungua geti anakusikiliza.

Kipindi cha asubuhi ni habari nyingine, na hapa naomba uende polepole sana. Asubuhi watu hawasikilizi redio kama wanavyosikiliza mchana. Wanaitumia kama saa ya ukutani. Kikisikika kichekesho fulani, mtoto awe amevaa viatu. Ikianza taarifa ya habari, chai iwe imeshanyweka. Marc Maron na Mark Riley walipokuwa wanaendesha Morning Sedition, sisi kibandani tulijua bila kuangalia saa ni wakati gani magari ya ofisi ya ghorofa ya juu yataanza kuingia. Uongozi ukawa umebadilika, ukataka asubuhi yenye habari zaidi na utani kidogo. Wasikilizaji wakaandika na kulalamika, haikusaidia. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 16 Desemba 2005.

Lakini kiliaga. Hilo nataka ulishike. Watu walijua siku, walisikiliza, wengine walilia, wakamaliza. Hata mzee wa Barbados aliongeza sauti siku ile. Kuna wakuu wa vipindi wanaogopa kumpa mtu nafasi ya kuaga, wanaona atasema maneno. Naelewa woga huo, nimekuwa nao. Ila ukiwa na hofu kwamba mtangazaji wako atakutukana hewani siku ya mwisho, tatizo lako lilianza kabla ya ratiba.

Mwaka 2006 ndipo nilipopotea mwenyewe. Garofalo aliondoka katikati ya mwaka. Mwisho wa Agosti Mike Malloy wa usiku akaachishwa. Septemba Maddow akapelekwa jioni, asubuhi wakaja The Young Turks, na Sam Seder akatolewa usiku kuletwa saa tatu asubuhi. Juu ya hayo, mwezi huohuo mtandao ukahama WLIB kwenda stesheni nyingine, WWRL, 1600. Nilifika kazini, nikawasha redio mahali ilipokuwa imesimama siku zote, nikakuta nyimbo za injili. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema angalau hizi anazijua.

Sitaki kukudanganya kwamba ratiba ndiyo iliyouangusha mtandao ule. Ulikuwa na shida ya fedha tangu wiki ya pili, ilipotokea ugomvi wa malipo na mwenye stesheni za Chicago na Los Angeles wakazimwa kote kuwili. Wapo pia watangaza biashara wakubwa waliokataa kabisa matangazo yao yapite hapo. Oktoba 2006 ukaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na 2007 ukauzwa. Nilichojifunza ni kutofautisha. Ukikatazwa na mfuko, sema mwenyewe moyoni kwamba umekatazwa na mfuko. Usijidanganye kwamba kuwahamisha watangazaji kama kete za bao kutaleta wadhamini. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Mhasibu anasema pesa hakuna, na kabla hajakaa mtu wa pili anasema labda tubadilishe kipindi cha jioni.

Katikati ya vurugu ile kulikuwa na badiliko moja lililofanywa vizuri, na ndilo ningekuomba uige. Al Franken alitaka kwenda kugombea useneta Minnesota. Alisema mapema kwamba anaondoka. Tarehe 14 Februari 2007 alifanya kipindi cha mwisho na siku hiyohiyo akatangaza kugombea. Saa sita yake ikapewa Thom Hartmann, mtu ambaye tayari alikuwa na wasikilizaji wake. Yaani mtu kabadilika, saa imebaki, na kila mmoja anajua aliyeondoka kaenda wapi. Franken alishinda kwa kura 312 tu baada ya kuhesabu na kuhesabu upya.

Mtandao ulizima matangazo ya moja kwa moja tarehe 21 Januari 2010. Miezi michache kabla ya hapo Maron, ambaye hakuwa na kipindi tena, alikuwa anaingia usiku kwenye studio zilezile kwa kadi ya mlango ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunga, anarekodi podikasti yake ya kwanza. Ilikuja kuwa moja ya podikasti zilizosikilizwa sana Marekani. Asubuhi ile waliyoiondoa ilikuwa bado inatafuta pa kukaa.

Basi na mimi nilifanyaje na rambirambi? Nilimwita dada na chipsi zake mkononi. Mama alimwangalia kwa muda, akamshika shavu, akakaa chini akacheka. Noti aliikataa, akasema hela ya msiba hairudi nyumbani.

Wiki iliyofuata nilimrudisha dada saa tatu kwa siku kumi, lakini safari hii akiwa na kijana mpya studio moja. Siku za kwanza dada alisoma magazeti na kijana akapokea simu. Katikati wakabadilishana. Kila baada ya nusu saa promo ya sekunde 20, kwa sauti ya dada mwenyewe: mimi nahamia saa nane, mdogo wangu huyu nawaachieni. Fundi mitambo alilalamika kwamba promo zimekuwa nyingi. Nikamwambia aongeze moja ya usiku. Siku ya kumi dada aliaga, akataja majina ya wapiga simu wa kudumu mmoja mmoja, ikachukua robo saa nzima na tangazo la mdhamini likachelewa. Mdhamini nilimpigia mwenyewe.

Ukinitaka siku kamili, mimi sasa sishuki chini ya kumi za kazi kwa kipindi cha asubuhi. Cha mchana siku tano zinatosha. Salamu na maombi ya miziki usiku, kusema kweli, wale wanazoea haraka, wanachotaka ni majina yao yasomwe.

Noti ya elfu tano dada aliibandika kwa gundi kwenye kioo cha studio. Mwezi ulipoisha mama wa maandazi alipiga simu, safari hii kwenye kipindi cha kijana, hewani kabisa. Kijana akamkaribisha, akamuuliza kama anamsikiliza dada yake kule kwenye saa yake mpya.

"Saa nane, mwanangu?" mama akasema. "Saa nane mimi nalala."